Vema Kwenye Hapana

Wapo wanawake wanaojua kukasirika polepole. Mimi si mmoja wao. Hasira yangu huja yote kwa mara moja, na ikija huwa sina muda wa kutafuta maneno mazuri.

Alhamisi ile nilikuwa nimeona wagonjwa thelathini na wawili tangu asubuhi. Wa mwisho alikuwa mke wa mvuvi, aliyeletwa kwa boti kutoka kisiwa cha Goziba akiwa na homa ya siku sita, na ndiyo kwanza nilikuwa nimemlaza wodini. Nilikuwa nanawa mikono mlango wa chumba changu cha kazi ulipofunguliwa, akaingia Lukmani. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la urubani, mkono mmoja ameuficha mgongoni.

"Daktari Kokuberwa," alisema kwa sauti ya mgonjwa, "naumwa wiki nzima. Silali. Nikifumba macho nakuona wewe."

"Ugonjwa huo hatuna dawa yake hapa Muleba. Jaribu Mwanza."

Akacheka. Kicheko kile ndicho kilichonimaliza miaka miwili iliyopita, siku niliyompeleka Mwanza mtoto njiti kwa ndege. Rubani alikuwa yeye. Alishuka mwenyewe akabeba mtungi wa oksijeni kutoka kwenye gari la wagonjwa, na tulipokuwa juu ya ziwa aligeuza shingo mara kwa mara akiniuliza, "Bado anapumua?" Mtoto yule sasa anakimbia. Na mimi tangu siku ile nilikuwa wa Lukmani.

Alitoa mkono mgongoni. Alikuwa ameshika bahasha ya kaki.

"Cheti cha afya," alisema. "Daraja la kwanza. Mwaka mzima mwingine, Koku. Jumamosi nakuja kwa baba yako na wazee wangu nikiwa mtu kamili."

Nilijua uzito wa karatasi ile. Rubani wa abiria hupimwa kila mwaka na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Bila cheti hicho leseni yake haimruhusu kuinua hata tairi moja kutoka ardhini. Nilimkumbatia. Alinukia sabuni na vumbi la barabarani.

"Macho?" nilimuuliza, kichwa changu kifuani pake.

"Naona sisimizi akiwa Ukerewe."

"Presha?"

"Ya mtoto wa shule."

"Moyo?"

"Alisikiliza kwa hicho chombo chenu cha shingoni. Kile kipimo cha umeme wa moyo zamu yake bado. Mwakani, nikifika thelathini."

"Na suala la Buhembe alisemaje?"

Niliusikia mwili wake ukikakamaa. Nikajitoa mikononi mwake nimwangalie usoni.

Wiki tatu nyuma mvua ilikuwa imetukuta Buhembe, tukitoka kumsalimia shangazi yake. Gari lilinasa kwenye tope mlimani. Mimi nilikaa kwenye usukani, yeye akashuka kusukuma. Gari lilipotoka niliangalia kioo cha nyuma, sikumwona. Nilimkuta amelala kifudifudi kwenye tope, mwili umelegea. Nilimgeuza, nikamwita jina mara nne. Alipofumbua macho alicheka akasema ameteleza. Nilimwambia mtu aliyeteleza husikia akiitwa. Akaniahidi kwamba akienda kupimwa Dar es Salaam atamweleza daktari kila kitu.

"Koku, ile haikuwa kuzimia," alisema sasa. "Nilikuwa sijala tangu asubuhi."

"Uliniahidi utamwambia."

"Niliulizwa, nikajibu."

"Ulijibu nini?"

Alianza kuirudisha bahasha kwenye begi lake. Lukmani ana tabia moja: kila karatasi anayoitia saini huipiga picha. Nilinyoosha mkono.

"Nipe simu yako."

"Ya nini?"

"Lukmani, nipe simu."

Alinipa. Nadhani mpaka leo hajui kwa nini alinipa. Niliitafuta ile fomu, nikaipata, nikaikuza kwa vidole viwili. *Je, umewahi kuzimia au kupoteza fahamu kwa sababu yoyote ile?* Viboksi viwili, Ndiyo na Hapana. Alama ya vema ya wino wa bluu ilikuwa imekaa kwenye Hapana.

Nikasoma na la chini yake. *Je, katika familia yako kuna aliyefariki ghafla, au mwenye ugonjwa wa moyo?* Hapana. Sikulijali hilo. Baba yake alikufa kwa malaria yeye akiwa na miaka mitatu, alishanisimulia.

"Mkono wako haukutetemeka hata kidogo," nilisema.

"Ungetetemeka ingesaidia nini? Nikiweka Ndiyo wananisimamisha siku ile ile. Vipimo juu ya vipimo, miezi sita, pengine mwaka. Kampuni hainisubiri mwaka. Halafu Jumamosi nimwambie nini baba yako? Tayari hanitaki kwa kuwa mimi ni Mwislamu. Niende na kazi sina?"

"Kwa hiyo umedanganya kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yetu!"

"Usiniingize!" Sauti yangu ilipanda hadi nikasikia watu kwenye korido wakinyamaza. "Usinitie kabisa kwenye hiyo vema yako. Unabeba watu kumi na wawili, Lukmani. Mbele uko peke yako. Ukizimia nusu dakika juu ya maji, nani anashika usukani? Yule mama mwenye mtoto mgongoni?"

"Miaka sita naruka. Sijawahi kuzimia angani."

"Hata Buhembe hukuwahi, mpaka siku ile."

Alinipokonya simu. Sikuwahi kumwona na sura ile, mishipa ya shingo imesimama, midomo imekauka.

"Wewe ni mchumba wangu au mkaguzi wangu? Kila mtu mjini hapa ana mtu wa kumfichia kitu. Mimi wangu ananisomea fomu kama hakimu."

"Ratiba yako inasema unapumzika mpaka Jumatatu. Nakupa mpaka kesho jioni. Mpigie yule daktari, mwambie ukweli. Usipompigia, nitamwandikia mimi."

"Ukiandika hiyo barua, Kokuberwa," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu lote kwa hasira, "basi Jumamosi isahau. Na mimi nisahau."

"Sawa."

"Sawa?"

"Si umesema? Sawa!"

Aliubamiza mlango kiasi kwamba kalenda ya chanjo ilianguka ukutani. Nilikwenda dirishani. Alikuwa amesimama kando ya gari lake, kiganja juu ya paa, kichwa ameinamisha. Nilitaka kukimbia nimfuate, nimshike lile shati mgongoni. Akainua macho akaniona. Tulitazamana kwa muda ambao ungemtosha mmoja wetu kusema samahani. Akaingia kwenye gari akaondoka.

Jioni nilimkuta baba kibanjani, anakata majani makavu ya migomba. Mzee Rugaibula, mwalimu mstaafu, mzee wa usharika. Mtu asiyeinua sauti hata akimfukuza mbwa. Nilimweleza yote kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Mama yangu ni marehemu miaka minne sasa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapangusa panga kwa jani.

"Mwana wange," aliniita kwa Kihaya, "pole sana. Lakini pengine Mungu amekujibu kabla hujaomba. Nilikwambia tangu mwanzo. Yeye msikitini, wewe kanisani, watoto wataenda wapi? Sasa umepata sababu ambayo hakuna atakayekulaumu."

Nilidhani hasira yote nilikuwa nimeimaliza hospitali. Kumbe.

"Baba, mimi sijamwacha. Nimegombana naye. Hayo ni mambo mawili."

"Aliyedanganya kwenye fomu atadanganya na nyumbani."

"Alidanganya kwa kukuogopa wewe! Unajua hilo? Anajua huna haja naye, akaona akikosa na kazi hutamruhusu hata akae kwenye kiti chako. Wewe na yeye mmenifanya mimi mzigo wa kusukumiana!"

"Kokuberwa!"

"Na ukienda kushukuru Mungu kwa hili, tata, usishukuru kwa jina langu."

Sijawahi kumjibu baba hivyo maishani mwangu. Niliingia chumbani nikaandika barua kwa daktari wa Dar es Salaam, aya tatu fupi, nikaitia kwenye mkoba. Machozi yalidondokea kwenye ya kwanza, ikabidi nirudie.

Ijumaa saa sita mchana nilisikia sauti ya mwanamke kwenye korido ya hospitali.

"Yuko wapi huyo daktari? Yuko wapi anayewanyang'anya watu riziki?"

Wagonjwa kwenye mabenchi waligeuka wote. Bi Sada, mama yake Lukmani, alikuwa anakuja kwa hatua ndefu, baibui linapepea, kitambaa kimemtoka nusu kichwani. Alikuwa amekodi gari kutoka Kahororo, kule Bukoba, kuja kunigombeza. Mwanamke huyu alinipokea nyumbani kwake kwa pilau na kunipakulia kwa mkono wake. Nilimshika kiwiko nikamwingiza chumbani kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Usinishikamoo! Mwanangu hakulala. Ananiambia mchumba wake anataka kumwandikia barua serikalini afukuzwe kazi. Kosa lake nini? Kukupenda?"

"Alizimia, mama. Nilimwona kwa macho yangu."

"Watu wote huzimia! Jua likiwa kali mtu anaanguka!"

"Ilikuwa mvua. Na alikuwa anasukuma gari. Mtu wa miaka ishirini na tisa akitumia nguvu akaanguka, hilo si jua. Lazima apimwe."

"Kupimwa, kupimwa! Mimi nimezika bila hayo makaratasi yenu!" Kidole chake kilikuwa kimenielekea puani. "Baba yake alianguka uwanjani, kijana wa miaka thelathini na tatu, anakimbilia mpira. Hakuamka. Mdogo wake baba yake aliogelea pale ufukweni Nyamkazi na wenzake, wakamtoa maiti, na maji hayakufika hata kifuani kwake. Kuna mtu alimwandikia nani barua? Mungu akitaka mja wake anamchukua!"

Nje mtoto alikuwa analia kwa kuchomwa sindano.

"Mama," nilisema, "rudia ulichosema."

Akaelewa alichokisema. Niliona uso wake ukibadilika, mkono ukashuka taratibu.

"Lukmani aliniambia baba yake alikufa kwa malaria."

Alikivuta kitambaa chake kichwani.

"Aliandika hivyo hivyo kwenye fomu. Kwamba kwenu hakuna aliyekufa ghafla. Mama, kuna ugonjwa wa moyo unaotembea kwenye damu ya familia. Mtu anaonekana mzima, anacheka, anabeba mizigo, halafu siku anatumia nguvu moyo unapoteza mpigo wake. Aliyeanguka Buhembe hakuteleza. Ulikuwa ugonjwa ule ule wa baba yake, ila yeye aliamka."

"Nyamaza," alisema, lakini bila nguvu.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Ameitwa. Mwenzake anaumwa." Aliangalia saa ya ukutani. "Anamshikia zamu. Anaruka saa nane kwenda Mwanza."

Nilipiga simu. Iliita mara mbili ikakatwa. Nilipiga tena, ikakatwa kabla haijaita. Alikuwa amenifungia. Bi Sada alipiga kwa simu yake. Simu ilikuwa imezimwa.

Nilimkabidhi muuguzi wa zamu wagonjwa wangu, nikachukua mkoba, nikamvuta Bi Sada mpaka kwenye gari lile lile alilokuja nalo kunitukana.

Kutoka Muleba mpaka Bukoba ni mwendo wa saa moja na kidogo. Tulikaa kiti cha nyuma, kila mmoja ameegemea mlango wake, tukiwa na hasira kiasi kwamba dereva alizima redio bila kuambiwa. Tulipofika katikati ya safari sikuweza tena.

"Kwa nini ulimwambia malaria?"

"Kwa sababu wewe hujawahi kuwa mjane wa miaka ishirini na nne!" Aliruka kama aliyekuwa anangoja niulize. "Mume kazikwa, shemeji akafuata baada ya mwaka. Wakwe wakasema mimi ndiye ninayewamaliza. Majirani walikuwa wanamwangalia mwanangu kama maiti anayetembea, mtoto wa miaka minne! Nikamchukua nikahamia Kahororo, kila aliyeniuliza nikamwambia malaria. Malaria haimtishi mtu. Ningesema kweli, nani angempa binti?"

"Mimi," nilisema. "Mimi ningempenda hivyo hivyo."

Alinitazama, kisha akageukia dirishani. Niliona mabega yake yakitikisika.

Tulifika uwanja wa ndege saa saba na nusu. Lukmani alikuwa anavuka uwanja wa maegesho, begi begani, anaelekea lango la wafanyakazi. Nilimwita. Aliniona, akaongeza mwendo.

"Lukmani Jamali!" Hiyo ilikuwa sauti ya mama yake. Akasimama.

Alitugeukia, macho mekundu. "Mama? Amekuleta huku? Kokuberwa, huoni hata haya, unamtumia mama yangu?"

"Usiruke leo," nilisema. "Nichukie, sawa. Lakini usipande hiyo ndege."

"Umeshaandika?"

"Nimeandika. Iko humu." Niliutikisa mkoba. "Sijaituma. Msikilize mama kwanza."

"Sina cha kusikiliza. Abiria wanaingia ndani ya dakika kumi." Aligeuka.

"Baba yako hakufa kwa malaria," Bi Sada alisema.

Aliendelea hatua mbili kabla maneno hayajamfikia.

Bi Sada alimweleza akiwa amesimama pale pale juani, bila kukaa, bila kushika kitu. Uwanja wa mpira. Baba mdogo na maji ya Nyamkazi. Wakwe. Malaria. Lukmani alisikiliza bila kupepesa. Mama alipomaliza, Lukmani alitua begi chini.

"Miaka ishirini na sita," alisema polepole. Halafu akapiga kelele. "Miaka ishirini na sita, mama! Kila mwaka wananiuliza! Kila mwaka naandika Hapana! Nimebeba watu, nimebeba watoto, nimembeba huyu!" Alininyooshea kidole. "Ungeniambia ningejua cha kujibu!"

"Nilitaka uishi kama watu," mama yake alisema.

"Na wewe?" Alinigeukia. "Umefurahi? Ulitaka ushinde, umeshinda."

"Sitaki kushinda! Nataka uwe na miaka arobaini, mpumbavu wewe! Nataka uote upara nikucheke!" Nilikuwa nalia na nilichukia kulia mbele yake. "Unadhani nilivyokuwa nakugeuza kwenye lile tope nilikuwa nafikiria leseni?"

Ukali ulimtoka usoni. Alituangalia, mama yake, kisha mimi. Alitoa simu mfukoni, akaiwasha, akampigia rubani mkuu wao.

"Kapteni, habari za mchana. Lukmani hapa, Bukoba. Sitaruka leo. Hapana, si mafua. Niliandika uongo kwenye fomu ya afya." Alisikiliza kidogo. "Ndiyo, naelewa maana yake. Nitampigia daktari mwenyewe sasa hivi."

Alimpigia na daktari. Kisha abiria walipotangaziwa kwamba safari imeahirishwa, walitoka nje na hasira zao. Bwana mmoja aliyevaa suti alimfuata Lukmani alipoona lile shati. "Nyie marubani mnatuchezea! Nina kikao Mwanza! Umeamka hujisikii tu kufanya kazi?" Lukmani angeweza kuingia ofisini akamwacha. Alisimama pale, akayasikiliza yote, akasema, "Samahani sana, mzee." Hakuongeza neno. Nilimpenda wakati ule kuliko siku yoyote, na sikuwa na ruhusa ya kumwambia.

Tulikwenda naye moja kwa moja hospitali pale mjini. Mlangoni pa chumba cha kipimo alinizuia.

"Hutanipima wewe."

"Sitakupima mimi. Ni Daktari Kyaruzi."

"Na usiingie."

Nilibaki nje na Bi Sada. Nusu saa baadaye Kyaruzi, niliyesoma naye, alitoka na ile karatasi ndefu yenye mistari ya mapigo ya moyo. Alinipa. Mawimbi yalipanda marefu kuliko inavyopaswa, na mengine yaliyotakiwa kusimama yalikuwa yamegeuka chini. Niliikunja. Bi Sada alikuwa ananitazama usoni, na sikuweza kumficha.

Usiku ule ule walipanda meli kwenda Mwanza kwa vipimo vikubwa, Lukmani na mama yake. Hakuniaga.

Jumamosi shangazi zangu walimenya ndizi tangu alfajiri, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kuwaambia waache. Hakuja mtu. Shangazi Consolata aliuliza mara tatu kama wageni wamepotea njia. Baba alitoka sebuleni saa kumi, akavua koti lake la kanisani, akalining'iniza, akaenda kibanjani.

Siku zilipita. Wiki ikaisha. Taarifa nilizipata kwa Kyaruzi: misuli ya moyo imenenepa, atatumia dawa, huenda akawekewa kifaa kifuani. Cheti kimesimamishwa. Urubani wa abiria, pengine basi. Kutoka kwa Lukmani mwenyewe sikupata hata nukta. Nilikuwa naandika ujumbe nafuta, naandika nafuta, na kila nilipofuta nilizidi kukasirika.

Siku ya kumi na moja, Jumanne jioni, nilirudi kutoka kazini nikakuta viatu vya kiume barazani. Sauti yake ilikuwa inatoka sebuleni. Nilisimama nyuma ya pazia.

"...sikuleta wazee, mzee wangu, kwa sababu sijaja kuposa. Sina cha kuposea. Cheti sina, kazi sina. Kampuni wamesema watanitafutia nafasi ya kupanga safari ofisini, lakini hawajaniahidi. Moyo wangu ni mgonjwa, na ni wa kurithi. Huenda hata watoto nitakaozaa wakahitaji kupimwa. Niliona nije niseme mwenyewe. Nilidanganya kwenye fomu. Hapa sitaki kudanganya."

Baba alikohoa. "Na dini?"

"Dini yangu ni ile ile, mzee."

"Na yangu ni ile ile," baba alisema. "Hilo liko palepale."

Nilipita pazia. Lukmani alisimama. Alikuwa amekonda, shati la kawaida la bluu limemlegea mabegani. Macho yake yalinipokea kwa namna iliyonitoa pumzi, na bado nilimvaa.

"Siku kumi na moja!"

"Koku..."

"Siku kumi na moja, Lukmani! Nimepata habari zako kwa Kyaruzi! Nimelala na simu chini ya mto kama mwanafunzi! Hukuwa na kidole? Wamekupima moyo wakakukata na vidole?"

"Nilikuwa na hasira na wewe."

"Na sasa?"

"Ninayo bado." Alimeza mate. "Kila asubuhi nasikia ndege ya saa nne ikipita juu, nakuchukia mpaka inapotea. Halafu nakaa nakutamani mchana kutwa. Nimechoka. Nimekuja ili nikukasirikie nikiwa karibu."

Baba alisimama kutoka kwenye kiti chake, akatutazama wote wawili kwa zamu, kisha akaelekea mlango wa nyuma. Tulisikia ndala zake zikienda mpaka uani, zikasimama.

"Utarudi Jumamosi?" nilimuuliza. Sauti yangu ilikuwa bado kali. "Na mama yako? Na safari hii usizime simu."

"Kuja kufanya nini, na baba yako amesema..."

"Kokuberwa!" Baba aliita kutoka uani, kwa sauti kubwa, yeye asiyeinua sauti hata kwa mbwa. "Huyo mgonjwa wako amekula?"

Lukmani alinitazama. Hakuwa amekula. Nilikwenda jikoni nikampakulia ndizi na maharage kwa hasira, sahani ikajaa mpaka ikamwagika pembeni.